Usiku mmoja tu shambani: namna ya kufika, kuchuma, kulala na kuamka

Kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu. Kutwa macho yangu yapo kwenye herufi, na mikono haina kazi zaidi ya kugeuza kurasa. Basi miaka minane iliyopita nilijiwekea utaratibu: kila ninapomaliza mswada mkubwa, naenda kulala usiku mmoja katika shamba linalopokea wageni. Sharti langu ni moja, pawe na bustani ya mboga ambayo mgeni anaruhusiwa kuingia. Nimeshalala usiku kama ishirini hivi, katika mashamba sita. Mara nyingine nimerudi nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mara nyingine nimerudi nimechoka kuliko nilivyokwenda. Kitanda hakikuwa sababu. Sababu ilikuwa saa niliyofika, na nilichokifanya kabla giza halijaingia.

Safari yangu ya kwanza nilifika usiku. Nilipokelewa kwa tochi, nikaonyeshwa chumba, nikala chakula kilichokuwa kimefunikwa mezani, nikalala. Yaani nililala kitandani, maana usingizi haukuja. Kila kishindo kilinishtua: kitu kilikwaruza ukutani, maji yalidondoka mahali, mnyama alikohoa nje kama binadamu. Asubuhi nikakuta kilichokuwa kikikwaruza ni tawi la mti, na aliyekohoa ni mbuzi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kupazoea, na muda wa kuondoka umefika.

Baadaye nikaja kusoma kwamba jambo hili lina maelezo yake. Mwaka 2016, Masako Tamaki, Yuka Sasaki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba mtu anapolala mahali pageni kwa mara ya kwanza, upande wa kushoto wa ubongo haulali usingizi mzito kama upande wa kulia. Unabaki unasikiliza, kama mlinzi. Watu hao hao walipolala hapo tena siku nyingine, tofauti ile ikatoweka. Sasa wewe mwenye usiku mmoja huna usiku wa pili wa kumtuliza mlinzi huyo. Uwezalo ni kupunguza ugeni wa mahali wakati ungali unaona. Kwa upande wangu, kilichonisaidia kufanya hivyo ni bustani.

Kabla ya kuweka nafasi

Piga simu. Picha zitakuonyesha kitanda na machweo, lakini hazitakujibu maswali yenye maana. Mimi huuliza: mgeni anaruhusiwa kuchuma mwenyewe, au anachumiwa? Wiki hiyo kuna nini kilichokomaa? Kuna jiko ninaloweza kupikia? Bustani iko hatua ngapi kutoka chumbani? Mbwa wanafunguliwa usiku? Choo kiko ndani au nje? Halafu swali ambalo wageni wengi huona haya kuliuliza: mboga zimepuliziwa dawa lini? Kila dawa ya wadudu ina siku zake za kungoja kati ya kupulizia na kuvuna, na zimeandikwa kwenye lebo ya chupa. Mkulima makini hujibu papo hapo, tena hufurahi kuulizwa. Anayebabaika, mimi huaga na kutafuta shamba lingine.

Tazama pia kalenda ya mwezi. Ukitaka nyota, nenda siku mbili tatu za kwanza za mwezi mwandamo, kwa sababu mwezi mchanga hutua muda mfupi baada ya jua na kuacha anga jeusi. Ukitaka kutembea kati ya matuta usiku bila tochi, nenda siku ya mwezi mpevu: huchomoza wakati jua linazama, nao hukaa angani hadi mapambazuko. Siku za katikati zina uzuri wake, ila mimi huzichagua pale tu kazi inaponilazimu.

Mkobani

Usibebe vingi. Mto wako wa kulalia, ukiwa na foronya yake ile ile uliyoilalia jana, usiifue. Harufu ya nyumbani ikiwa puani, chumba hakiwi kigeni kabisa. Suruali ndefu, sweta, viatu vinavyofungika, na kofia. Kisu kidogo kikali au mkasi, mfuko wa kitambaa, kitambaa safi cha kulowesha. Tochi yenye taa nyekundu, au ifunge kitambaa chekundu, sababu nitaieleza. Manukato yaache nyumbani, kwani nyuki huvutwa nayo. Kama una jeraha mkononi chukua glavu, maana bakteria wa pepopunda huishi kwenye udongo, na katika nchi nyingi watu wazima hushauriwa kuirudia chanjo yake kila miaka kumi.

Na viatu viwe vimeoshwa nyayo. Matope ya shamba moja yanaweza kupeleka ugonjwa wa kuku au nguruwe kwenye shamba lingine, na hasara yake humwangukia mtu aliyekukaribisha kwa moyo mweupe.

Fika jua likiwa juu

Muda wa saa tatu kabla ya jua kuzama, si chini ya hapo. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na kama itakubidi uache lolote katika maelezo haya, usiache hili. Saa ya kwanza ni ya kutembezwa, ya pili ni ya kazi, ya tatu ni ya kuchuma na kupika.

Somo la kutembezwa nilifundishwa na mama mmoja mwenye shamba, mtu mzima, mkimya. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikaanza kuulizia chumba. Akaniitikia, kisha akasema, "Weka begi hapo, mwanangu. Kwanza twende ukaone maji yanakotoka." Akanionyesha bomba, tangi, mtaro unaopeleka maji bustanini. Kisha lango, choo, zizi, banda la kuku, na mahali mbwa wanapolala. Mbwa wakaninusa mkono, akaniambia majina yao. Chumba kilikuja mwisho kabisa. Usiku ule nilisikia maji yakitiririka, nikajua ni tangi linajaa. Mbwa akabweka, nikajua ni yupi. Nikageuka upande wa pili nikalala.

Tangu hapo, mwenyeji asiponitembeza, mimi humwomba. Na huuliza swali hili: "Usiku nitasikia nini?" Watu wa shamba hulijibu vizuri sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Watakutajia pampu, vyura, bundi, ng'ombe mwenye ndama mchanga, bati linalolia linapopoa.

Mkiwa njiani shika kanuni za mahali. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, huenda limeachwa ili wanyama wafikie maji. Uliza kama uzio una umeme kabla ya kuuegemea. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake, hata kama anaonekana mpole. Usiwape wanyama mabaki ya chakula bila idhini. Na ukishawagusa, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 kabla hujagusa mdomo au chakula; dawa ya kupaka mikononi haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu unaoonekana.

Omba tuta moja

Usizunguke bustani nzima ukipiga picha. Omba tuta moja la kufanyia kazi. Mwambie mwenyeji una saa moja na hujui mengi, naye atakupa kazi isiyoweza kuharibu kitu.

Kazi niipendayo ni kupalilia karoti kwa mkono. Karoti changa ina majani membamba yaliyochanikachanika kama unyoya, nayo huota taratibu sana, hivyo magugu huiwahi kuifunika. Mwache mwenyeji ang'oe magugu matano ya kwanza mbele yako, kisha wewe ung'oe matano mbele yake. Baada ya hapo utabaki peke yako, magoti chini. Shika gugu pale linapotokea udongoni, livute polepole likiwa wima, kwa kidole kingine ukibana udongo kando ya karoti isije ikang'oka nayo. Udongo ukiwa na unyevu, mzizi hutoka mzima. Ukiwa mkavu hukatika na gugu litarudi, kwa hiyo mwagia maji kidogo, ngoja, ndipo uanze.

Dakika kumi za kwanza utakuwa unafikiria ulichokiacha nyumbani. Mimi kwa kawaida huwa nafikiria sentensi. Karibu na dakika ya ishirini mikono inaanza kujua yenyewe lipi ni gugu na lipi ni karoti, na kichwa kinanyamaza. Sijui kulieleza zaidi ya hivyo, ila huwa linatokea kila mara, na ndilo ninalolifuata kule.

Udongo uliolowa una harufu. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni waitwao Streptomyces, na pua ya binadamu huigundua hata ikiwa kidogo mno. Simama uinuse. Kama mwenyeji ana lundo la mboji linaloiva, mwombe uingize mkono pembeni yake, au uusogeze tu kama hupendi kugusa: katikati ya lundo zuri joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, bila moto wala jua, kwa kazi ya viumbe wadogo peke yake. Mara ya kwanza nilipousikia mvuke ule vidoleni nilikaa pale hadi nikaitwa.

Kama ni zamu ya kumwagilia, mwaga shinani. Majani yakilala yamelowa, ukungu huyapata kwa urahisi.

Chuma kwa mpangilio

Chakula cha jioni kiwe kidogo na kitoke karibu. Chagua vitu vitatu au vinne, usijaze kikapu. Kisha ufuate mpangilio, kwa sababu kila mboga ina haraka yake.

Mizizi haina haraka, basi anza nayo. Karoti usiivute kwa nguvu. Legeza udongo pembeni kwanza, kisha ushike shingoni mwake, si majani. Ukishaing'oa kata majani, maana yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi nao hunywea. Majani ya viungo hufuata: mrehani ukate juu kidogo ya mahali majani mawili yanapokutana, hapo patachipua matawi mawili mapya, nawe utakuwa umeusaidia mmea badala ya kuupunguza. Nyanya iliyoiva haihitaji kuvutwa. Ishike kiganjani, izungushe kidogo, itakuachia. Inayong'ang'ania iache. Wala usiiweke kwenye friji, baridi huondoa ladha yake.

Njegere na mahindi machanga yachume mwisho kabisa, maji yakiwa tayari yanachemka jikoni. Tangu dakika unapoyachuma, sukari yake inaanza kugeuka wanga. Unaweza kujaribu mwenyewe: kula njegere moja hapo hapo kwenye mmea, weka nyingine mfukoni, uile kesho yake. Nilifanya hivyo mara moja, na sasa ninaelewa kwa nini utotoni sikupenda njegere.

Majani ya saladi yaache. Jioni yamechoka, yamepoteza maji kutwa nzima juani. Zamu yake ni asubuhi.

Nataka kusema jambo zito kidogo hapa. Usionje kitu chochote ambacho mwenyeji hajakutajia jina. Mmea wa viazi mviringo, kwa mfano, wakati mwingine huzaa vitunda vya kijani vinavyofanana na nyanya ndogo, na vina sumu. Ukienda na watoto, kanuni iwe moja na isemwe kwa sauti mnapoingia bustanini: hakuna kinachokwenda mdomoni kabla hakijapita mkononi mwa mkubwa. Watoto, kwa kweli, huwa wageni wazuri sana wa bustani ukiwapa kazi yenye mwisho, kama kutafuta konokono kumi au kuhesabu maua ya boga.

Kuhusu mapishi sina mengi. Mboga iliyotoka udongoni nusu saa iliyopita inataka maji kidogo, chumvi kidogo, na uiwahi kuiepua. Kula nje mwanga ukiwa bado upo.

Giza

Ukishaosha vyombo, zima taa. Zote. Macho ya binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa simu, hata wa sekunde chache, unakurudisha mwanzo. Mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui sana, ndiyo sababu ya ile tochi. Keti karibu na lile tuta lako. Mwanzoni utaona weusi tu, kisha ukingo wa matuta, kisha rangi ya kijivu ya majani, na ukiinua kichwa utaona nyota zimeongezeka kuliko ulipoketi.

Mwaka 2013, Kenneth Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder waliwapeleka watu wanane kupiga kambi wiki nzima bila taa za umeme, wakaona kwamba melatonini, homoni inayoutangazia mwili usiku, ilianza kupanda mapema kuliko ilivyokuwa nyumbani, kwa tofauti ya karibu muda wa saa mbili. Usiku mmoja si wiki. Lakini ukiwa umekaa juani alasiri nzima na gizani jioni nzima, usishangae macho yakianza kufumba saa ambayo nyumbani ungekuwa bado unasoma. Nenda kalale. Usijilazimishe kukesha eti kwa kuwa ni usiku mmoja tu na utaupoteza.

Simu ibaki begini, imezimwa. Kama una mtu anayekutegemea, mpe namba ya mwenyeji.

Jogoo

Atawika kabla hujawa tayari. Wageni wengi hulalamika, na wengine hudhani ameona mwanga. Hajaona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huongozwa na saa iliyomo mwilini mwake. Hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika huendelea kuwika kwa zamu za alfajiri. Mwaka 2015 wakaongeza kwamba majogoo wakiwa pamoja, anayeanza ni mkubwa wao kwa cheo, na wengine humfuata kwa kushuka ngazi. Basi ukiamshwa, tulia usikilize nani wa pili, nani wa tatu. Mimi hulala tena baada ya wa kwanza, na huamka mwanga unapoanza kuonyesha dirisha. Kama usingizi wako ni mwepesi mno, beba vizibo vya masikio, ila uvivue kukipambazuka.

Kwa sababu saa ya kwanza ya mwanga ndiyo iliyonitoa nyumbani. Vaa viatu, nenda bustanini kabla ya kunywa chochote. Majani ya saladi, yaliyokuwa yamelegea jana, yamesimama. Usiku mzizi umeyarudishia maji, na ukiyakunja yanavunjika kwa mlio. Chuma yale ya nje tu, uache moyo wa katikati uendelee kukua. Maua ya boga yamefunguka, na ifikapo adhuhuri yatakuwa yamefunga. Yatazame kwa karibu: lililo juu ya kikonyo chembamba ni dume, lenye kiboga kidogo chini yake ni jike. Nyuki wanaingia moja wanatoka lingine wakiwa na chavua mwilini. Simama pembeni, usizibe njia wanayorukia, nao hawatakuwa na habari nawe.

Mrehani na viungo vingine vyenye harufu visubiri kidogo, hadi umande ukauke lakini jua halijawa kali.

Kisha nenda kalitazame tuta ulilolipalilia. Asubuhi karoti huonekana kama zimepewa nafasi ya kupumua. Mara ya mwisho nilikaa pale na kikombe changu muda mrefu, bila kufanya lolote, na mwenyeji alipita na ndoo akaniuliza, "Umeamkaje?" nikajibu salama, akaendelea na safari yake. Ukiachiwa hivyo, ujue umezoeleka.

Usipange jambo lingine asubuhi hiyo. Mashamba mengi yana ziara, farasi, masomo ya kutengeneza hiki na kile. Ni vitu vizuri kwa mtu wa siku tatu.

Kuondoka

Tandua shuka zako, hakikisha umefunga kila bomba, na kagua miguu na kiuno kama kuna kupe. Osha nyayo za viatu pale pale shambani. Ukiomba mboga za kuchukua, omba kidogo na uzilipie. Majani ya saladi yafunge kwenye kile kitambaa ulicholowesha, ule siku hiyo hiyo.

Mwisho omba tawi moja la mnanaa, lenye urefu wa kidole. Nyumbani ondoa majani ya chini, litie kwenye glasi ya maji, uliweke dirishani pasipo na jua kali, na ubadilishe maji kila siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili utaona nyuzi nyeupe zikitoka kwenye vifundo. Zikifika urefu wa ukucha, hamishia kwenye chungu chenye udongo, umwagilie shinani.